Ruta ya Gramu Tisini

Mkaguzi wa mizani alikuwa mtu wa kupima. Miaka ishirini na miwili ya kuzunguka mji hadi mji akikagua mizani za maduka ilikuwa imemharibu kabisa. Hata mkate wa nyumbani kwake aliupima kwanza ndipo akaula, na mkewe alishachoka kusema.

Sasa alikuwa na jambo zito. Binti yake kitinda mimba alikuwa anaolewa ng'ambo, na kikao cha kwanza na wakwe, kwa simu ya video, kiliisha vibaya. Mtandao ulikwama, picha ya mkaguzi ikaganda akiwa amefumba macho, na baba mkwe mtarajiwa wa binti akaamini kwamba mzee amelala. Kikao cha pili kilipangwa Jumamosi saa kumi, siku ambayo angekuwa safarini tena.

"Baba watoto," mkewe alimwambia taratibu, "ukilala tena mbele ya wakwe, harusini nitakwenda peke yangu."

Basi akaenda kununua ruta ndogo ya safari, kile kifaa cha kusambaza intaneti. Muuzaji alimtolea tatu, akaanza kumweleza ipi inatumia laini ya simu na ipi inachukua intaneti iliyopo na kuigawa tu. Lakini muuzaji alikuwa anajisemea peke yake. Mkaguzi alishatoa mizani yake ya mfukoni. Ruta ya kwanza kasha lilidai gramu themanini, ikatoka mia moja na nne. Akaisukuma kando kama aliyemkamata mwizi. Ya pili nayo vivyo hivyo. Ya tatu kasha lilidai tisini, nayo ikatimia gramu tisini kamili, akailipia huku anatabasamu.

Jumamosi mchana aliiwasha katika nyumba ya wageni. Taa ikawaka, intaneti hakuna. Mhudumu akamweleza kwamba nyumba yao haijawahi kuwa na intaneti, na mtandao wa simu mjini hapo ni wa kubahatisha. Alikuwa amenunua kifaa cha kugawa, na cha kugawa hakikuwepo. Waya wa intaneti ulikuwa mmoja tu mji mzima, kwa mwenye bucha, aliyepokea oda za hoteli kwa kompyuta.

Asubuhi ileile mkaguzi alikuwa ameifunga mizani ya bucha hiyo kwa lakiri isitumike, kwa kosa la gramu arobaini katika kila kilo.

Alikwenda hivyohivyo, aibu imemjaa usoni. Mwenye bucha alimsikiliza mpaka mwisho, akachomoa waya kwenye kompyuta, akauchomeka kwenye ruta, kisha akamsogezea kigoda katikati ya mapaja ya ng'ombe yaliyoning'inia.

Picha ikatoka safi. Baba mkwe aliitazama nyama kwa heshima kubwa, akauliza kama ng'ombe wote wale ni wa mzee. Mkaguzi alitamani sana kunyamaza. Akasema hapana, amekaribishwa tu. Kwa nusu saa nzima alikodoa macho, hakuthubutu hata kupepesa. Tarehe ya harusi ikakubaliwa, binti akalia, naye akalia.

Alipokuwa anachomoa ruta, mkaguzi alisubiri ombi la kuifungua mizani, na jibu kali alikuwa nalo tayari. Mwenye bucha alikuwa anafuta meza. Ombi halikuja, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Mizani yako nitaifungua ikisharekebishwa," mkaguzi akasema mwenyewe. "Si kabla."

"Najua, mzee," mwenye bucha akajibu. "Hata mimi nina mabinti wawili. Hongera."