Maziwa Niliyommwagisha Mama Naserian

Nafanya kazi kwa maabara ya mifugo hapa Kitengela. Juzi Mama Naserian alileta maziwa ya ng'ombe wake aliyevimba kiwele. Bakteria wa ugonjwa huo wana aina nyingi zinazofanana. Wale wakali hujulikana kwa kimeng'enya chao, kemikali inayogandisha plazma, yale maji ya damu. Tulitia bakteria kwa vichupa vya plazma, nikaona kichupa kimoja kimeganda, nikatoka mbio.

"Mama, mwaga yote! Ni ile aina mbaya kabisa!"

Akamwaga mtungi mzima pale nje. Mimi nimesimama kama daktari bingwa.

Mkubwa wangu akachukua kichupa, akasoma kibandiko, akanigeukia.

"Hii si ya ng'ombe. Ya ng'ombe haijaganda. Hii ni ile ya kulinganishia, bakteria tulitoa kwa pua yako asubuhi!"

Mama Naserian akarudi nyuma hatua mbili, akajifunika pua na shuka.