Mikate Iliyoanguka Tanurini

Pale mtaani kwake Dangara walikuwa na msemo: ukitaka kumwudhi Savri, sifia mkate wa mtu mwingine. Alizaliwa Baljuvani, huko milimani, akaolewa bondeni angali msichana mbichi, na kitu alichokishikilia kifuani njia nzima siku ile ya arusi kilikuwa bakuli lenye donge la chachu ya mama yake. Alizaa watoto watano, akafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba mpaka kikafungwa, akawauguza na kuwazika wakwe zake wote wawili, na katika hayo yote haikupita wiki bila kuoka. Nusu ya wanawake wa mtaa walichachushia unga wao kwa chachu yake. Aliwagawia kwa moyo mweupe, ila hakuwaacha wakasahau ilikotoka.

Sasa, majira ya baridi yale tanuri lake la zamani likapasuka. Baridi ilipokatika, Haknazar mumewe akaleta jipya kutoka kwa mfinyanzi, wakalikandika uani. Mfinyanzi aliwaambia walipashe moto mdogo mdogo kila siku, wiki nzima, mpaka udongo ukauke hadi ndani. Savri aliliwashia moto mara mbili tu, akagonga ukuta wake kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Limekauka."

"Fundi kasema wiki," Haknazar alimkumbusha.

"Fundi kazi yake kufinyanga. Kuoka ni kazi yangu."

Isitoshe, alikuwa ameshamwalika wifi yake, Oyshamo, dada mkubwa wa Haknazar, aje kuonja mkate wa kwanza. Oyshamo alikuwa na ulimi wa kukata chuma, na tangu Savri aingie katika ukoo ule hakuwahi kupata pa kuukosoa mkate wake. Alikosoa mengine yote: chai, mazulia, malezi ya watoto. Mkate, hapana.

Asubuhi hiyo Savri akajaza tanuri mabua ya pamba, moto ukavuma, ukatulia ukawa makaa mekundu. Akavaa mkono wa kitambaa kinene mpaka kwapani. Mehrangez, mke wa mwanawe wa mwisho, akawa anampa mikate mibichi mmoja mmoja, katikati imeshatobolewa nakshi. Savri akalowesha mgongo wa mkate wa kwanza kwa maji, akainama, akaupiga kwenye ukuta wa ndani wa tanuri. Ukashika. Wa pili ukashika. Alipoinama na wa tatu, akasikia pu! kule chini. Kisha pu! ya pili. Akadhani mkono wake umelegea, akaubandika ule wa tatu kwa nguvu zaidi. Ukateleza polepole mbele ya macho yake, kama mtu anayeshuka ngazi, ukalala juu ya makaa pamoja na wenzake.

Ukuta ulikuwa unatoka jasho.

Wakaiopoa kwa koleo. Upande mmoja mkaa, upande wa pili majivu, na ndani unga mbichi unaonata. Savri akaketi chini hapo hapo, mkono wa kitambaa bado mwilini. Kuitupa haikuwezekana, mkate hautupwi. Na wifi yuko njiani.

"Mama, nilete kisu?" Mehrangez akauliza.

"Cha nini, cha kujichinja?"

"Cha kukwangulia. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

Savri akamwinulia macho. "Kwenu mikate huanguka?"

"Kila wiki," akajibu yule binti, wala hakuona haya. "Tanuri letu lina nyufa kama kisigino cha babu. Ukishika tunakula na chai. Ukianguka tunakula kurutobi. Baba huomba uanguke."

Miaka mitatu binti huyu alikuwa nyumbani mwake, na Savri hakuwahi kumwachia hata mkate mmoja aubandike. Wala hakuwahi kumwuliza kwao wanaokaje. Akauvua ule mkono wa kitambaa.

"Haya, nionyeshe."

Wakakwangua weusi wote, wakapangusa majivu, wakachana mikate vipande vipande. Vilivyokuwa vibichi Mehrangez akavikaanga karaini kwa mafuta ya kitani mpaka vikawa na rangi ya asali na kuanza kulia vikigusana. Savri akachukua vidonge vya maziwa ya mgando yaliyokaushwa, akavisugua ndani ya maji vuguvugu hadi vikatoa mchuzi mzito, mweupe, wenye chumvi na ukakasi. Wakamimina vyote katika sinia la mti, juu wakatawanya vitunguu vilivyokaangwa, matango na giligilani: kurutobi ikawa tayari.

Oyshamo akaingia, hata viatu hajavua.

"Assalam aleikum. Uko wapi huo mkate wa kwanza?"

Haknazar akawahi kumtetea mkewe. "Dada, leo Savri ameona ni vizuri tule..."

"Umeanguka," Savri akamkata. "Yote imeanguka, wifi. Niliharakisha. Njoo ule."

Oyshamo akamtazama, akalitazama sinia, akainua viganja vyake juu. "Alhamdulillahi! Nilidhani nitakufa sijaiona siku hii!"

Savri akataka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Wakazunguka sinia wakala kwa mikono.

"Mbona kuna ladha ya moshi?" Oyshamo akauliza, mdomo umejaa.

"Dawa ya tumbo hiyo," akasema Haknazar.

"Basi sogeza mkono wako, wewe tumbo lako zima." Akampokonya nduguye kipande kikavu kabisa, chenye ukoko. "Nani kavikaanga hivi?"

"Mehrangez," akasema Savri.

Alipoondoka, Oyshamo alibeba bakuli la kumpelekea mumewe, na njiani aliwasimulia habari ile watu wote aliokutana nao. Hata mama wa dukani aliijua kabla ya alasiri. Savri alipopita kununua chai akaulizwa, akaisimulia mwenyewe upya, pamoja na kile kishindo cha pu.

Wiki iliyofuata kazi ya kulipasha tanuri moto mdogo mdogo alipewa Mehrangez. Kila asubuhi alichuchumaa uani akilisha mabua, akiimba chini chini nyimbo za kwao. Savri aliketi barazani karibu na Haknazar akimsikiliza, huku, kwa mara ya kwanza asubuhi ya tanuri, anakunywa chai yake ingali moto.