Honi za Semboja Mbele ya Zahanati Iliyofungwa

Saa nane mchana, barabara ya vumbi kuelekea Handeni mjini haina mtu wala ng'ombe, lakini Semboja Hiza anaanza kupiga honi.

Nyuma yake kwenye pikipiki yuko Yusra, uchungu umemshika tangu alfajiri. Mwisho kabisa yuko mama mkwe wa Yusra, Bi Mwanaisha. Kanga moja imewafunga wote watatu, asidondoke mtu.

"Honi zote hizo, Semboja! Kwani tumebeba bwana harusi?" anatania Bi Mwanaisha.

Semboja anapiga tena. Mbele yao, kushoto, kuna jengo jeupe la zahanati. Miaka minne iliyopita wakubwa walikuja, wakakata utepe, wakala pilau, wakapanda magari yao. Muuguzi hajaletwa mpaka leo.

Anapiga honi ili abiria wake wasisikie.

Yusra amesikia. "Kaka, simama! Wamefungua. Kuna mtoto analia humo. Nishushe, siwezi tena!"

"Hakuna mtoto, dada."

"Namsikia! Mama, wewe humsikii?"

 Bi Mwanaisha anasema, utani umemwisha: "Namsikia. Endesha, mwanangu."

Semboja, mkulima wa mahindi wa upande wa Kwedizinga, ana miaka 46. Kilio hicho anakijua. Miaka mitatu iliyopita mkewe, Mwanaidi, alikisikia naye akiwa na uchungu.

"Akaniambia, baba Mhina, Mungu mkubwa, wamefungua," anasimulia. "Nikamshusha barazani, nikabisha hodi. Ndani mtoto analia. Nikajua nesi ana mzazi mwingine. Sasa utavunja mlango na mke wa mwenzio anazaa? Tukangoja, na adabu zetu."

Walingoja saa nzima na nusu. Alipozunguka nyuma alikuta kufuli lenye kutu, buibui amejenga juu yake. Akachungulia dirishani. Kitanda cha kuzalia kilikuwa bado ndani ya nailoni yake.

Mwanaidi alikata roho pale barazani, na mtoto tumboni.

"Wakubwa wanasema ni upepo kwenye mabati," anasema. "Haya, waje walale humo na huo upepo wao! Wake zao wanazalia wapi? Kwetu sisi walileta mlango tu."

Tangu hapo amebeba kina mama 61 hadi hospitali, kilomita 38. Wanne hawakufika. Pale hajamshusha hata mmoja.

Leo wanafika. Yusra anaingizwa ndani kwa machela, na kabla Semboja hajamaliza kukung'uta vumbi, Bi Mwanaisha anatoka mlangoni.

"Wa kike. Analia kama ana ugomvi na mtu." Anamrudishia kanga, ila hauachii upindo wake. "Yule wa kule, Semboja. Anataka nini?"

"Labda anataka mwenzake, mama."

Wanakijiji waliambiwa muuguzi haji mahali pasipo na nyumba ya kuishi. Basi Semboja anaijenga. Ameshafyatua tofali elfu nne, na kuta zimefika madirishani, hatua chache kutoka ile baraza.

"Wakikosa sababu hiyo watatafuta nyingine, nawajua," anasema. "Lakini nesi akija, akazaliwa humo mmoja tu, mzima, naamini yule atanyamaza."

Anakunja kanga, anawasha pikipiki.

Safari ya kurudi, akiwa peke yake, hapigi honi.