Kibali Kwanza, Picha Mwisho

Siku yangu ya kwanza kazini, Katesh, nilipokelewa na Mkuu wa Mawasiliano wa kampuni ya kununua mazao. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na kampuni binafsi zilikuwa zimefungua maghala hadi vijijini. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha ruta, kifaa kinachopitisha data za ofisi nzima.

"Njia yetu ni nyembamba," alisema. "Mtu akilalamika mtandao mbovu, usibishane naye. Pima."

Nilipima miaka mingi: barua pepe za Endasak, taarifa za ghala la Nangwa. Mkuu alipostaafu nikapewa kiti chake. Ndipo Meneja wa Kanda alipoleta vikao vya video. Kila asubuhi alitaka kuwaona watunza ghala wote, na picha zile zilijaza njia yote.

Msimu mmoja wa mavuno, mtunza ghala wa Maretadu alinipigia simu.

"Dada, lori la maharage liko mlangoni na kibali hakifunguki. Turubai limechanika, na mvua ndiyo hiyo inakuja."

Bila kibali kutoka kompyuta ya Katesh, mzigo haushushwi. Meneja alikuwa bado anazungumza kwenye video. Niliogopa kumkatiza, nikasubiri. Kikao kilipoisha, magunia ya juu yalikuwa yamelowa, yakakataliwa.

Kesho yake mwenye mzigo, Mama Safari, alikuja ofisini. Nilimweleza ukweli.

"Yaani maharage yangu yamelowa kwa sababu mlikuwa mnaangaliana nyuso?"

Alipoondoka tu, nikaipanga ruta upya: vibali vipite kwanza, sauti pili, picha mwisho, nazo nikaziwekea kikomo cha robo ya njia. Sikumbagua mtu, hata Meneja.

Asubuhi iliyofuata uso wa Meneja uliganda kwenye skrini, mdomo ukiwa wazi. Akaniita.

"Nani kakuruhusu kunibana?"

"Hakuna, mkuu. Sauti yako inafika vizuri. Ni picha tu."

"Kitoe hicho kikomo."

"Sitakitoa, mkuu, mpaka uone yanayotokea Maretadu."

"Basi nenda kayaone wewe."

Nikahamishiwa Maretadu kuwa msaidizi wa ghala, na kikomo kikaondolewa. Sikulia. Kila siku niliandika saa kikao kilipoanza na saa kibali kilipofunguka.

Wiki kadhaa baadaye Meneja alikuja kukagua. Huko Katesh msaidizi wake alikuwa ameshafungua kikao cha video. Meneja aliketi kwenye kompyuta yetu, akabonyeza kibali, akangoja. Nje wakulima walikuwa wamesimama kando ya magunia yao. Nikampa karatasi zangu.

"Hii ni kila siku?"

"Kila siku ya kikao, mkuu."

Akapiga simu Katesh. "Zimeni kamera!" Kibali kikafunguka kabla hajakata simu. Akanigeukia. "Rudi Katesh. Weka kikomo chako, na mimi usiniache nje ya kikomo hicho."

Nimestaafu sasa, na njia za mtandao zimepanuka. Waliokuwepo hunisifu kwa kumkatalia Meneja. Mimi nakumbuka zaidi asubuhi ile niliyongoja kikao kiishe. Ujasiri wangu wa baadaye haukuyakausha maharage ya Mama Safari. Kwa hiyo ninyi mnaoingia kazini, mzigo wa mtu ukiwa mvuani, zimeni picha ya mkubwa kwanza. Maelezo mtampa baadaye.