Mama Mkwe Alinikuta Juu ya Mwamba

Kuna mambo mwanaume hapaswi kuyafanya mbele ya mama mkwe.

La kwanza ni kusimama juu ya jiwe katikati ya bahari, kaptula imechanika kwa nyuma, mguu unavuja damu, huku unapiga kelele "nisaidieni".

Mimi nimelifanya. Tena asubuhi kweupe, watu wanaona.

Cheka tu, usijizuie. Nimeshachekwa na mabingwa.

Kwa kazi mimi ni fundi friji. Naishi ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi, pamoja na mke wangu na mama yake, nesi mstaafu. Nyumba ya kawaida kabisa. Jiko letu ni dogo kiasi kwamba ukitaka kufungua friji, lazima mtu mmoja atoke nje kwanza. Lakini paa letu lina kitu ambacho mtaa mzima haukipati.

Linauona mwamba.

Mwamba wenyewe uko kama mita mia tatu kutoka ufukweni. Mawimbi yanatoka huko mbali yamelala, yakiufikia yanajikwaa, yananyanyuka, halafu yanajikunja kuelekea kulia taratibu, kama mtu anayefunga zipu ya begi. Hapo ndipo sisi wendawazimu tunapokwenda kuteleza na mbao zetu. Tuko arobaini. Kuna kinyozi, kuna mwalimu wa hesabu, kuna dada wa duka la dawa, kila aina ya mtu mwenye kazi ya maana anayepaswa kuwa mahali pengine.

Shida ni kwamba mwamba una kisirani.

Upepo ukitoka baharini, wimbi linavurugika, linakuwa povu la kufulia. Maji yakijaa mno, linapita juu bila hata kusalimia. Yakipwa mno, mwamba unatoa meno. Na utabiri wa kwenye simu unaijua bahari yote, ila mwamba wetu hauujui.

Ndiyo maana wakanipa kazi mimi mwenye paa. Kila siku saa kumi na mbili kasorobo napanda juu, naangalia, nashuka jikoni, nabandika chai na kuandika ripoti kwenye kundi la simu.

Upepo naupima kwa nguo za jirani. Mashuka yake yakipepea kuelekea baharini, upepo unatoka nchi kavu, wimbi linasimama safi. Yakipepea kuelekea duka la matairi, mrudi mkalale. Wimbi tunalipima kwa mwili: magotini, kiunoni, kifuani, kichwani.

Miaka mitatu sikukosea. Wakanibatiza Bwana Hewa.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Mahali pa kulidakia lile wimbi ni padogo. Watu watano wakikaa, wanagusana viwiko. Siku nzuri tunakuwa thelathini. Unasubiri zamu yako kama unasubiri kuonwa na daktari, na ikifika, mwalimu wa hesabu anakukata mbele halafu anaomba radhi kwa upole.

Asubuhi moja mwaka jana, nikapanda juu nikakuta mashuka yamenyooka kuelekea baharini. Mawimbi yamepangwa mwambani kama vitabu vya maktaba. Kifuani, safi, wimbi baada ya wimbi.

Kidole kikateleza chenyewe.

"Wapendwa, leo hakuna kitu. Upepo wa baharini, maji machafu. Laleni."

Nikaenda peke yangu.

Jamani, acheni tu. Saa nzima ile bahari ilikuwa yangu kama kitanda cha bwana harusi. Saa moja na robo nikatoka, nikapita mbio mbele ya kibanda cha kinyozi na ubao wangu kwapani, na saa mbili kamili nilikuwa karakanani, kichwa ndani ya friji la watu, natabasamu peke yangu kama mwizi.

Kinyozi akaandika kwenye kundi: "Asante Bwana Hewa. Umetuokoa na usumbufu."

Niliona aibu. Kidogo.

Kuanzia hapo, siku za kawaida nilisema kweli tupu, tena kwa mapambo. Siku nzuri hasa, nikawalaza. Hakuna aliyeshtuka. Nyumbani nako hali ilikuwa shwari. Mke wangu alikuwa amelala. Mama mkwe alikuwa jikoni na mimi, anamenya vitunguu, anajiandaa kwenda kliniki kufanya mazoezi ya bega. Kila siku saa moja na nusu. Mchana nikirudi kula, nakuta taulo lake limeanikwa.

"Mazoezi makali, Mama?"

"Makali, baba. Bega linataka kusukumwa."

Nikajisemea, kliniki gani hii inayomtoa mtu jasho la kulowesha taulo zima? Nikala, nikaondoka.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Nilipanda juu nikaona kitu ambacho hukioni mara mbili kwa mwaka. Kichwani. Wakati mwingine kupita kichwa. Kati ya wimbi na wimbi nilihesabu sekunde kumi na nne, maana yake yametoka mbali na yamebeba nguvu. Mashuka ya jirani yalikuwa yanataka kung'oka yaende zao baharini.

Maji tu ndiyo yalikuwa yanapwa. Mwenye akili angesubiri.

Nikaandika: "Bahari imelala kama maji ya beseni. Hata bata hawezi kuteleza. Rudini kitandani."

Wimbi la kwanza lilikuwa la ndoto. La pili nilimshukuru Mungu kwa sauti. La tatu likanikunja, likanizungusha kama nguo kwenye mashine, na kule chini nikasikia *taa!* Kamba inayofunga ubao mguuni ilikuwa imekatika.

Nilipoibuka, ubao wangu ulikuwa unakwenda ufukweni bila mimi, na kwa furaha tele.

Wimbi jingine likanitupa juu ya mwamba. Wayo wa kushoto ukachanika. Vile vidude vyeusi vya miiba vikanipokea kisigino. Kaptula nayo ikanasa mahali, nikaisikia ikiaga.

Nikajivuta mpaka kwenye jiwe moja lililochomoza, upana wake kama meza ya chakula. Nikasimama hapo kwa mguu mmoja.

Mbele yangu mawimbi yanazidi kukua, kila kundi linapanda juu kuliko lililotangulia. Nyuma yangu mwamba mtupu na miiba, kwa mguu ule singefika popote. Pembeni kuna mlango ambao maji yanatokea kwenda nje, na siku ile yalikuwa yanatoka kwa haraka kama watu waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Ukiingia humo, unakwenda nayo.

Nikapiga kelele. Ufukwe haukuwa na mtu.

Kisha nikakumbuka kwa nini hauna mtu.

Watu thelathini na tisa wanaojua kuogelea, wenye mbao, wanaoujua mwamba huu kuliko kiganja chao. Wote niliwaambia walale. Kwa mkono wangu. Na mfano wa bata juu.

Maji yalinifika magotini, yakashuka. Kundi lililofuata yakanifika mapajani, nikashikilia jiwe kwa kucha. Nikaanza kuhesabu: mawili matatu ya hivi, jiwe linanitema. Hapo sikuwa naigiza tena, ndugu zangu. Nilimwita mke wangu kwa jina lake la utotoni, ambalo hapendi niliseme hadharani.

Ndipo nikaona kitu cha manjano.

Ubao mrefu, mnene, wa wanafunzi. Juu yake mtu amelala kifudifudi anapiga makasia kwa mikono, bila haraka, kama anayepangusa meza. Kichwani ana kofia ya kuogea yenye maua ya waridi.

Nikadhani damu imenipungua, nimeanza kuona maruweruwe.

Akakaribia. Akaketi juu ya ubao wake, akapangusa macho.

Mama mkwe.

Mdomo wangu haukujua la kufanya, ukafanya ulichofundishwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe bahari imelala?"

Nikajifanya nakagua kisigino.

"Na bata yuko wapi?"

"Mama, nakuomba..."

"Geuka nikuangalie, umeumia wapi?"

"Siwezi kugeuka, Mama."

"Mgongo?"

"Kaptula."

Akausogeza ubao karibu na jiwe. "Nimeuguza wanaume miaka thelathini na moja. Hicho unachokificha si kigeni wala si cha kutisha. Panda ubao kabla kundi jingine halijaja."

Nilipanda. Nikalala kifudifudi mbele, yeye akakaa nyuma yangu, na mnajua alikuwa anaangalia nini. Lile bega la kliniki likatuvusha kwenye ule mlango kwa upande, bila kushindana na maji, kama mtu aliyepita hapo mara mia. Kinyozi na mwalimu wa hesabu wakatupokea katikati na mbao zao, mmoja kila upande. Kinyozi alikuwa anacheka mpaka anakunywa maji ya chumvi.

Ufukweni kulikuwa na watu thelathini. Wana mbao. Wamepaka nta. Wamejiandaa.

"Nyie," nikasema huku nimefungwa taulo, "si niliwaambia mlale?"

Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilisikika kwenye duka la matairi.

Nyumbani, nikiwa nimelazwa juu ya meza ya sebuleni na mama mkwe ananichomoa miiba kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu, kinyozi akanipa simu yake. "Soma, Bwana Hewa."

Lilikuwa kundi ambalo sikulijua. Jina lake: Mluzi.

Kundi letu lina watu arobaini. Hili lilikuwa na arobaini na moja. Wote wa kule kasoro mimi, jumlisha mama mkwe, jumlisha mke wangu, ambaye hata kuogelea hajui.

Ujumbe wa asubuhi ile ulikuwa wa mama mkwe. "Anapiga mluzi jikoni, tena wimbo mzima. Mawimbi yapo, makubwa. Mpeni saa yake."

Nikapandisha juu. Wiki kwa wiki, mwaka mzima. "Amepiga mluzi. Mpeni saa yake." "Leo hakuna mluzi, amesema kweli, laleni." "Mluzi mdogo. Labda kiunoni."

"Tunajibana kwenye kibanda changu," kinyozi akasema. "Watu thelathini na mbao zao, taa tumezima. Ukipita tu mbio, tunaingia. Leo hukupita. Mama akasema huyu anaogopa kuchelewa kazini kuliko anavyoogopa kufa, twendeni."

"Baadaye nikagundua," mwalimu wa hesabu akaongeza kwa upole wake, "ukiondoka ndipo maji yanapokaa vizuri. Ulikuwa unatuachia minofu."

Nilitamani meza inimeze.

"Sasa kwa nini hamkunifukuza?"

"Tukufukuze, halafu nani aamke alfajiri?" kinyozi akajibu. "Mimi?"

Wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa ameinamia kisigino changu.

"Karakana yako ya kwanza ilipofungwa," akasema, "ulikaa kwenye kile kiti cha plastiki miezi minne. Ulikuwa unajibu 'ndiyo, Mama' na 'hapana, Mama'. Ukapata kazi kwa watu, bado ukawa mtu wa ndiyo na hapana. Asubuhi ya kwanza uliyopiga mluzi, mimi nilikuwa namenya vitunguu. Nikaweka kisu chini."

Akachomoa mwiba.

"Nikawaambia hawa, mwacheni adanganye."

Nililia. Nikawaambia ni mwiba.

Siku ile niliapa. Sitadanganya tena, hata kwa nusu futi ya maji.

Wiki tatu baadaye mguu umepona, nikapanda juu. Kifuani, safi, mashuka yamenyooka kuelekea baharini. Nikashuka jikoni kwa heshima zote, kimya kama mtu anayekwenda kuungama, nikaandika: "Leo ni siku yenyewe. Njooni wote, nawaomba."

Nikaenda. Nikakaa juu ya ubao mpya, nikasubiri.

Saa moja. Hakuna mtu. Saa moja na nusu. Hakuna. Nikapiga simu kazini nikasema nitachelewa. Saa mbili na nusu bado nilikuwa peke yangu na mawimbi mazuri kuliko yote ya mwaka, na ninawaapia, hayakuwa na ladha. Nateleza, nageuka kutafuta wa kumwonyesha, naona maji.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Mama mkwe amekaa anamenya vitunguu, nywele kavu.

"Mama, mbona hamkuja?"

"Hukupiga mluzi."

"Lakini niliandika!"

"Wewe na kuandika kwako," akasema, akasogeza beseni nipite.

Tangu hapo utaratibu umebadilika kwa kura, arobaini na moja dhidi ya yangu moja. Ripoti naituma kwa sauti. Kwanza urefu, halafu upepo, halafu maji, na mwisho lazima nipige mluzi. Nikijaribu kuuigiza wanajua, mama mkwe anaandika tu: "Huo wa bandia." Na saa yangu ya kwanza bado wananipa. Nimewakataza. Wanajibana kwa kinyozi vilevile, wanadhani siwaoni miguu chini ya pazia.

Kama unataka somo, chukua hili. Usijisumbue sana kupanga maneno mbele ya watu unaokula nao. Wanakusoma kama mimi ninavyoyasoma mashuka ya jirani. Sijawahi kuangalia yana maua gani. Naangalia yanaelekea wapi.

Haya, leo ni kifuani. Upepo wa nchi kavu. Maji yanajaa taratibu.

Na jikoni wameshanisikia.