Maksai Aliyegeuka Kompyuta

Nimezaliwa kijijini Arash, nimekulia nyuma ya ng'ombe, na kompyuta yangu ya kwanza ya kuchezea gemu nimeiunda mwenyewe kwa mikono hii, kwenye chumba cha kupanga hapa Karatu. Nasema haya mapema kwa sababu najivunia. Asiyependa majivuno asiendelee kusoma.

Kazi yangu ni kuendesha magari ya watalii kushuka kreta, lile shimo la volkeno lenye wanyama. Masika yakiingia wageni wanakatika, barabara zinageuka tope, na sisi madereva tunabaki mjini kupiga soga. Msimu mmoja wa namna hiyo nilizoea kibanda cha gemu karibu na stendi. Nilikuwa nakaa foleni na wanafunzi, mtu mzima mimi, na kila nikikolea mwenye kibanda ananigonga bega kwamba muda umekwisha. Nilichoka kugongwa bega. Nikataka mashine ya kwangu, tena yenye nguvu, na nikataka kila kifaa cha ndani nikichague mwenyewe.

Hela yenyewe ilikuwa na miguu minne na ilikuwa inachungwa kwa baba. Ng'ombe wangu wako kwenye boma lake, na kwetu kijana hauzi mnyama, hata wa kwake, bila neno la baba. Nikaenda Arash, nikainamisha kichwa akanigusa utosini kwa salamu, nikamweleza kwamba nataka kumuuza maksai wangu mwekundu ninunue vifaa vya kompyuta. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekaa pembeni. Akauliza kama hiyo kompyuta inazaa, na kama haizai, basi inakamuliwa lini.

Baba hakucheka. "Muuze," akasema. "Lakini nitakuja kuiona ikifanya kazi. Nikikuta umeweka ndani bati lililolala, ng'ombe wako waliobaki ataamua kaka yako. Wewe endelea na wageni wako."

Lilinichoma lile neno. Kuondolewa usemi juu ya ng'ombe wangu ni sawa na kuambiwa kwamba nyumbani nimekuwa mpita njia, na kaka angelisema hilo kila sherehe mpaka nizeeke. Nilimuuza maksai, nikarudi Karatu nimevimba, sikusalimia mtu njia nzima.

Nikaanza kuchagua. Nilikuwa kwenye kundi la simu la vijana wa gemu, wengi wao wa Dar, na ushauri ulimiminika. Kasha la kioo la kufungia vifaa, taa za rangi zote, upozaji wa maji yanayopita kwenye mabomba. "Oya mwanangu, bila kioo hiyo siyo mashine," mmoja akaniandikia. Picha zao zilikuwa kali, sikatai, na nusura niagize kama walivyosema.

Kilichonizuia ni baba. Nimemfuata mnadani tangu utotoni, na akinunua fahali haanzi na pembe. Anaanza na kwake: maji yako umbali gani, kiangazi kinaacha majani gani, kupe wa upande ule wakoje. Akishayapanga hayo kichwani ndipo anamtazama mnyama. Watu wanaokimbilia pembe anawapisha wapite.

Nikakaa kitandani nikakitazama chumba changu. Vumbi la Karatu jekundu, linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi lililofungwa. Umeme unapanda na kushuka unavyotaka. Baridi ninayo ya bure. Basi nikachukua kasha la bati la kawaida, mbele lina matundu mengi na chujio la kuchomoa na kuosha, kama lile la hewa la gari langu. Kupoza nikachagua feni, kwa sababu feni ikifa nabadilisha mwenyewe, na pampu ya maji ikifa sijui nitamlilia nani. Pawa saplai, kile kifaa cha kugawa umeme ndani, nikachukua imara kuliko kitu kingine chochote, na mbele yake nikaweka stabilaiza ya kutuliza umeme. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, na kadi ya picha nikachukua za wastani zinazolingana nguvu, maana sifungi punda na ng'ombe kwenye jembe moja.

Muuzaji wa Arusha alitaka kunisukumia kadi kubwa ya kutisha. Tukabishana kwenye simu mpaka akaniuliza mimi ni fundi wa wapi. Nikamwambia mimi ni dereva, na yeye aniletee nilichotaja.

Niliunganisha kwa bisibisi ya gari, polepole, pumzi nimeibana. Feni zilipoanza kuzunguka na skrini ikawaka, nilipiga ukelele peke yangu, mama mwenye nyumba akaja mbio na mwiko mkononi kuuliza nani ameumia. Nikamwonyesha. Akatazama, akasema ni nzuri, akarudi kwenye ugali wake. Jioni ile nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Karatu, na sidhani natia chumvi.

Baba na kaka walikuja siku ya mnada. Nilikuwa nimeifanyia heshima mashine yangu. Sisi madereva wa huku kila cha thamani tunakifunika shuka kisiingie vumbi: kamera, darubini, sanduku la chakula. Nami nikaichukua shuka yangu nyekundu mpya nikaizungushia mashine vizuri, mbele na nyuma, nikaacha kitufe tu. Ilipendeza kweli.

Nikawakalisha, nikawasha, nikafungua gemu moja ya kuswaga ng'ombe kwenye nyika kubwa. Baba akasogeza kigoda. Akaanza kuuliza kwa nini ng'ombe wale hawana alama masikioni, wa ukoo gani, na kabla sijamjibu feni zikavuma kwa nguvu, skrini ikawa nyeusi.

Nikawasha tena. Ikaja, ikazima.

"Amelala," akasema kaka, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika kwake.

Nikaona ng'ombe wangu wote wakihamia upande wa kaka, mmoja mmoja. Nikaweka kiganja juu ya mashine nihisi kama kuna uhai, na ile shuka ilikuwa ya moto kama imeanikwa juu ya jiko. Hapo hapo nikaelewa. Nimechagua kasha kwa sababu ya matundu yake ya pua, halafu nimeyaziba kwa kitambaa. Mashine imepata joto, na ikipata joto inajizima yenyewe isiungue. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inajiokoa na mimi.

Nikaivuta shuka. Nikamwambia baba, "Nimemfunika pua. Mpe muda apumue." Baba akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa hilo ni jambo analolijua, na kwa vile kulikuwa na ukungu na baridi, akaiokota ile shuka ya moto akajifunika mabegani.

Tulikunywa birika zima la chai, mashine ikipoa. Nikawasha. Ikawaka, na ikaendelea kuwaka. Nyika ikatokea, upepo ukalaza majani, unaona jani moja moja, na ng'ombe wakatembea ndani yake. Nilicheza, kisha nikampa baba kipanya. Akakishika kama anashika kifaranga. Akawapeleka ng'ombe wale mtoni, akawanywesha, akakataa kuondoka mpaka wa mwisho amekunywa. Kaka alitoka nje mara mbili akarudi, na mashine inavuma tu.

Jua lilipoanza kushuka baba akasimama. Akaniuliza kwa nini sikununua lile kasha la kioo alilosikia vijana wakilisifu mnadani. Nikamwambia nilianza na chumba.

Akajifunga vizuri ile shuka mabegani. "Fahali wetu amezeeka," akasema. "Masika yakiisha uje nyumbani, uende mnadani ukachague mwingine."

Kaka akafungua mdomo.

"Yeye," baba akasema, akatoka na shuka yangu.

Fahali niliyemchagua yuko Arash mpaka leo, na kaka yangu ndiye anayemchunga.