Maelezo Yaleyale kwa Amri Tatu

Chekeni mapema tuyamalize, maana aibu hii nimeificha miaka mingi na leo naitoa mwenyewe. Ilikuwa Kisangani, enzi za Zaire ambapo kila mtu aliitwa Citoyen, yaani raia, na mimi ndiye pekee shuleni kwetu niliyejua kuandikia ordinateri, yaani kompyuta, programu (basi kichwa kilivimba, acha tu). Nilitengeneza amri tatu za orodha ya pointi za wanafunzi: ONESHA, PANGA na FUTA. Kila amri ilitakiwa iwe na maelezo yake ya kumsaidia mtumiaji, lakini uvivu ni ugonjwa, nikaandika ya ONESHA tu, halafu nikaziambia zile mbili ziazime yaleyale, kwani si ndugu? “Inaleta majina na pointi. Haiharibu kitu. Bonyeza bila woga.”

Siku ya kutangaza matokeo wazazi walijaa uwanjani, wengine wametoka Yahuma na Bafwasende kuja kusikia kama mtoto amepita, na Papa Directeur, mkuu wetu wa shule, akaamuru mashine itolewe nje kwa waya mrefu ili waone maendeleo. Akabonyeza ONESHA, makofi. PANGA, makofi tena. Kufika FUTA akasita, akafungua maelezo, akayasoma kwa sauti ya mkutano: “Haiharibu kitu! Bonyeza bila woga!” Mimi nilikuwa nyuma kabisa napokea pongezi, nikapiga kelele “Papa, hapana!”, lakini kidole kilishashuka.

Kioo kikabaki kitupu.

“Citoyen, pointi za batoto iko wapi?”

“Imepotea, Papa Directeur. Yote.”

Nikaona kazi imekwisha na mwaka mzima wa watoto wa watu nimeuua mimi. Ndipo akainuka Mama Bolumbu, sekretari wetu (niliyekuwa nikimcheka kila asubuhi na taipureta yake), akafungua kikapo chake cha sokoni na kutoa nakala za kaboni. Zilinuka samaki kidogo, lakini majina yote yalikuwemo, na pointi zake.

“Miye sitegemeaka mashini yenye kuambia mutu asiogope,” akasema.

Jamani, nilimkumbatia mbele ya watu wote nikilia kwa furaha, sikujali.

Tangu siku hiyo kila amri naiandikia maelezo yake. Ya FUTA niliyaandika jioni ileile: “Inaua yote. Ogopa. Muite kwanza Mama Bolumbu.”